Baiskeli imenizidi: matatizo ya waendeshaji wafupi, vyanzo vyake na tiba

"Utaizoea, dada." Ndivyo walivyonijibu mafundi watatu tofauti nilipowapelekea goti langu linalouma. Sikuizoea. Nina urefu wa sentimita 153, mguu wa ndani sentimita 70, unyayo sentimita 22 na nusu. Tangu nianze kufungua na kufunga baiskeli yangu mwenyewe, kisha za wenzangu, wengi wao wanawake na vijana, nasikia malalamiko yale yale, na naona dawa ile ile ikitolewa kwa kila ugonjwa: siti. Goti linauma? Shusha siti. Mkono haufiki? Isogeze mbele.

Mara nyingi siti haina kosa. Kiwanda kinapotengeneza saizi ndogo hupunguza fremu, kisha hufunga krenki (mikono inayoshika pedeli), usukani na mikono ya breki inayokaribia kulingana na ile ya baiskeli ya mtu wa mita 1.80. Kwa hiyo fremu inakutosha na viungo vyake havikutoshi.

Kabla ya kushika spana, pima vitu vitatu na uviandike kwenye simu.

Mguu wa ndani: simama peku, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu kati ya mapaja na ukivute juu kama vile umekalia siti. Pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu.

Unyayo: pima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kutwa nzima. Kisigino kiguse ukuta, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu zaidi. Pima miguu yote miwili, ufuate mkubwa.

Mabega: kutoka mfupa wa juu ya bega moja hadi mwenzake. Mwombe mtu akusaidie.

"Siti imeshuka hadi mwisho, bado sifiki"

Naanza na hili kwa sababu jibu lake linaweza kukuokolea pesa za mengine yote.

Chanzo cha kawaida ni fremu kubwa, hasa zile baiskeli za mizigo za Phoenix na Hero zenye matairi ya inchi 28. Ipande kwa kusimama, miguu yote chini, bomba la juu likiwa katikati ya mapaja. Kama hakuna nafasi ya angalau sentimita mbili kati yako na bomba, fremu si yako. Fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, inaponya tatizo la kupanda na kushuka lakini haifupishi umbali wa kufikia usukani, kwa hiyo ipime pia ukiwa umekaa.

Chanzo cha pili: nguzo ya siti imekwama au ni ndefu, inagonga chini ndani ya bomba. Ichomoe uitazame. Nguzo ya chuma au ya aluminiamu inaweza kukatwa upande wa chini kwa msumeno, mradi alama ya kiwango cha chini cha kuingia ibaki ndani ya fremu. Iliyoganda kwa kutu usiipige nyundo, mwachie fundi.

Chanzo cha tatu wachache wanakijua. Siti za zamani zina klampu inayofungwa pembeni ya nguzo nyembamba. Ukiigeuza klampu hiyo juu chini, reli za siti hukaa chini ya ncha ya nguzo na unapata sentimita moja au zaidi bila kununua kitu.

Ukishafanya hayo na mguu bado unaning'inia, weka spana chini. Hakuna spea itakayopunguza fremu. Usimruhusu mtu akate fremu na kuiunga upya kwa kulehemu. Iuze kwa mtu mrefu.

"Goti linauma kwa mbele, na paja linagonga tumbo"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoteseka.

Anza na siti, naam, lakini kwa kuipima. Zidisha mguu wako wa ndani kwa 0.883. Kwangu mimi, 70 mara 0.883 ni sentimita 61.8. Huo ndio urefu wa kuanzia, kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti. Huna futi? Weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kulala upande. Siti iliyo chini sana huumiza goti kwa mbele, iliyo juu sana huumiza nyuma ya goti. Wafupi wengi wameishusha ili miguu yote miwili iguse ardhi wakisimama kwenye taa. Pandisha, kisha ujifunze kuteremka mbele ya siti unaposimama.

Siti iko sawa na goti bado linalia? Basi ni krenki. Tazama upande wa ndani wa mkono wa krenki, karibu na tundu la pedeli. Kuna namba imegongwa pale: 165, 170, 172.5 au 175, ni milimita. Sasa piga hesabu. Mwenye mguu wa ndani wa sentimita 85 akitumia krenki ya 170, krenki hiyo ni asilimia 20 ya mguu wake. Mimi nikitumia hiyo hiyo, ni asilimia 24. Goti langu linakunjwa zaidi kila mzunguko unapofika juu, na ukiendesha saa moja kwa mizunguko 80 kwa dakika, umelikunja mara 4,800. Kutoka 165 hadi 175 tofauti ni kama asilimia 6 tu, wakati miguu ya watu wazima hutofautiana kwa zaidi ya robo.

Kwa mguu wa ndani chini ya sentimita 72, mimi hutafuta krenki ya kati ya 150 na 160. Zinapatikanaje? Kampuni ya Shimano hutengeneza za baiskeli za barabara zinazoanzia 160. Za 165 zimekuwa rahisi kupatikana tangu Tadej Pogačar, bingwa wa Tour de France ambaye wala si mfupi, ahamie kwenye urefu huo mwaka 2024. Njia ya bei nafuu ni mtumba: baiskeli za watoto za inchi 24 nyingi huwa na krenki za 152 hivi, na kama ekseli yake ni ya pembe nne, mikono hiyo mara nyingi inaingia kwenye ekseli ya pembe nne ya baiskeli kubwa. Angalia vitu viwili. Ile krenki ya kipande kimoja iliyopindwa kama herufi Z haihamishiki. Na tundu la pedeli la baadhi ya krenki za watoto ni la nusu inchi, wakati pedeli nyingi ni za inchi 9/16, kwa hiyo usinunue pedeli kabla hujapima. Pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume, kama saa inavyokwenda. Nimeona nyuzi nyingi zikichanwa kwa kusahau hilo.

Ukifupisha krenki kwa milimita 15, pandisha siti milimita 15. Gia itahisi nzito zaidi kwenye mlima kwa sababu mkono wa kusukumia umepungua, basi shuka gia moja na uzungushe haraka. Ipe mwili wiki mbili kabla ya kutoa hukumu.

Acha hapa: usikubali krenki ikatwe na kuunganishwa kwa kulehemu. Za aluminiamu hudhoofika kwa joto, na krenki ikikatika umesimama juu yake, mguu unakwenda lami na mwili unafuata. Kutoboa tundu jipya kunawezekana kwa krenki nzito isiyo na uwazi ndani, tena kwenye karakana yenye mashine ya uhakika. Krenki yenye uwazi ndani au ya kaboni isitobolewe kamwe. Goti likivimba, likikwama, au likiuma hata siku usiyoendesha, nenda hospitali. Hilo si la fundi baiskeli tena.

"Vidole havifiki breki"

Tatizo hili ni la usalama, na ni rahisi kulitibu kuliko yote. Ukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo ukivuta breki kwa ncha za vidole, kabla hujafika Soni vidole vimekwisha.

Chanzo cha kwanza, skrubu haijaguswa tangu kiwandani. Kwenye mikono ya breki ya usukani ulionyooka, tafuta skrubu ndogo karibu na mahali mkono unapobembea. Huzungushwa kwa bisibisi ya nyota au alenki ya milimita 2. Ikaze polepole na mkono utasogea karibu na usukani. Mikono mingi ya kisasa ya usukani uliopinda nayo ina skrubu, huenda imefichwa chini ya raba. Ya zamani hutumia vipande vya mpira vinavyobanwa ndani ili mkono ukae karibu.

Ukishaisogeza, vuta breki kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama. Mkono ukigusa usukani kabla gurudumu halijashikwa, waya umelegea. Ukaze kwanza, ndipo uende barabarani.

Cha pili, mikono imefungwa mbali na ncha ya vidole vyako au imeinama vibaya. Legeza klampu, sogeza, jaribu. Kwenye usukani uliopinda wakati mwingine kosa ni la usukani wenyewe: uliofika mbele milimita 90 au 100 badilisha kwa wa 70.

Cha tatu, aina ya breki. Breki za fito za chuma za baiskeli za mizigo hazina cha kurekebisha, na mtu wa mkono mdogo hana ujanja isipokuwa kubadili mfumo mzima.

Breki za mafuta zikiwa laini kama sponji, au mkono ukifika usukani, simama hapo hapo. Kuna hewa ndani au mafuta yanavuja. Shimano hutumia mafuta ya madini na breki nyingi za kampuni ya SRAM hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari, na yakichanganywa mpira wa ndani huharibika. Asiyejua tofauti hiyo usimpe baiskeli yako, hata kama ni shemeji.

"Mabega yanaungua, viganja vinakufa ganzi"

Shingo ya usukani, yaani kipande kinachoushika usukani mbele ya fremu, ikiwa ndefu ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Wengi hujitibu kwa kusogeza siti mbele. Kufanya hivyo ni kuliibia goti ili kulilipa bega: umefikia usukani, lakini sasa goti liko mbele ya pedeli na linabeba kazi isiyo yake. Rudisha siti mahali pake, kisha fupisha shingo kutoka milimita 100 hadi 80 au 70. Chini ya 60 usukani wa baiskeli ya barabara huanza kuwa mwepesi mno, zoea kwanza uwanjani. Kabla ya kununua pima unene wa usukani mahali pa kubanwa, kwa kuwa wa 25.4 na wa 31.8 havibadilishani. Shingo ya zamani inayozama ndani ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ina mstari wa mwisho wa kuivuta juu. Ukiuona mstari huo, umepita.

Wa pili ni upana. Usukani uliopinda wa sentimita 44 kwa mtu mwenye mabega ya 36 humtandaza kama nguo kwenye kamba. Tafuta 38 au 36. Wanaoshindana chini ya UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, wakumbuke kwamba tangu Januari 2026 usukani wa mashindano ya barabara haupaswi kuwa chini ya milimita 400, nje hadi nje, kanuni iliyowakera wengi wenye miili midogo na mimi nikiwemo. Usukani ulionyooka wa chuma au aluminiamu unaweza kuukata mwenyewe: sogeza kwanza mikono ya breki na gia ndani ujaribu siku kadhaa, ndipo ukate sentimita moja moja kila upande, na uzibe ncha. Wa kaboni mwachie mwenye vifaa.

Ganzi ikibaki hadi kesho yake, au kidole kidogo kikipoteza nguvu, acha kuendesha na umwone daktari.

"Kiatu namba yangu hakipo, na nilichonunua kinanisumbua"

Niliwahi kununua viatu vya namba 38 kwa sababu duka halikuwa na vidogo zaidi. Muuzaji akaniwekea soli ya ziada ndani akasema mambo yako sawa. Baada ya mwezi mmoja ukano wa nyuma ya kisigino ulikuwa unawaka.

Soli ya ziada hujaza kimo cha kiatu, haifupishi urefu. Na kiatu cha baiskeli kikizidi urefu madhara yake ni mabaya kuliko cha kutembelea, kwa sababu matundu ya kliti, yaani kile kibati kinachonasa kwenye pedeli, yamewekwa kwa kufuata mguu wa namba hiyo. Mguu wako mdogo ukikaa nyuma kwenye kisigino cha kiatu kirefu, uvimbe wa chini ya kidole gumba unabaki nyuma ya matundu. Kliti inaishia chini ya vidole. Unasukuma kwa vidole kilomita 50, na msuli wa mguu na ukano wake ndio wanaolipa.

Jaribio la nyumbani: vaa kiatu, papasa mfupa wa kidole gumba ulipotokeza upande wa ndani, uweke alama kwa kalamu kwenye kiatu, kisha geuza soli. Katikati ya kliti iwe chini ya alama hiyo au hadi milimita 10 nyuma yake. Kama umeivuta nyuma hadi mwisho na bado iko mbele ya alama, kiatu ni kikubwa. Hakuna tiba nyingine.

Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Kwa hiyo "namba mbili tu" ni zaidi ya milimita 13. Kwa jedwali la Shimano, 36 ni mguu wa sentimita 22.5, 37 ni 23.2 na 38 ni 23.8. Agiza kwa sentimita, si kwa namba ya kiatu chako cha ofisini. Safu za wanaume mara nyingi huanza 38 na kuendelea, za wanawake huanza 36, hivyo kijana wa kiume mwenye mguu mdogo asione haya kuvaa za kike. Kiatu hakijui.

Vidole vikifa ganzi wakati urefu uko sawa, legeza kamba au mkanda wa mbele kwanza na kaza wa juu tu. Ikishindikana, kiatu ni chembamba. Kisigino kikipanda na kushuka huku vidole vimefika mbele, hapo ndipo soli ya ziada inapofaa.

Kwenye mtumba nimepata 36 nzuri zilizokaa muda mrefu kwa kukosa wateja. Zikunje kwa nguvu kabla ya kulipa, maana gundi ya kiatu kilichokaa stoo miaka mingi huachia ghafla. Tazama pia chini: matundu mawili ni ya kliti ndogo za milimani, matatu ni ya barabarani. Kwa mjini mimi huchagua mawili, kwa kuwa unaweza kutembea nayo.

Na kama chini ya 36 hupati kitu? Pedeli bapa zenye meno na raba ya soli ngumu inayokutosha ni bora kuliko kiatu cha baiskeli kinachopwaya.

"Mguu hautoki kwenye pedeli"

Wepesi wa mwili nao ni chanzo. Springi iliyokazwa kwa ajili ya mtu wa kilo 85 ni mtego kwa mwenye kilo 48. Kwenye pedeli za SPD, zile za kliti ndogo za matundu mawili, kuna skrubu ya alenki ya milimita 3 kila upande unaonasa, hivyo jozi moja huwa na nne. Zilegeze zote hadi mwisho, kisha hesabu mibofyo sawa kila moja kama utakaza. Badala ya kliti za SH51 funga SH56, zinazoachia mguu kwa pande zaidi. Kwa pedeli za barabarani za Shimano, za njano huruhusu kisigino kucheza nyuzi 6, za bluu 2, nyekundu haziruhusu kabisa. Anza na njano. Fanya mazoezi umeegemea ukuta, si kwenye mzunguko wa magari.

Bolti za kliti zikiwa zimelegea, mguu huzunguka bila kliti kugeuka, na utaanguka taratibu mbele za watu. Zikague kila mwezi.

"Ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele"

Fremu ndogo, gurudumu kubwa: hili ni la kurithi. Gurudumu la 700C, saizi ya kawaida ya baiskeli za barabara, lina rimu ya milimita 622 hata kwenye fremu ya mtoto. Mmarekani Georgena Terry aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1985 alilitatua kwa kufunga gurudumu la mbele la inchi 24, na nyuma kubwa.

Likaguliwe ukiwa umesimama: krenki mlalo, geuza usukani. Kiatu kikigusa kidogo, ni tatizo la mwendo wa taratibu tu, kama kugeuza uani, kwani kwenye kasi usukani haugeuki kiasi hicho. Tairi nene na madigadi huongeza mguso, vitazame kwanza. Krenki fupi hupunguza mguso milimita kwa milimita. Kliti ikivutwa nyuma, kama nilivyoshauri hapo juu, kiatu kinakwenda mbele na mguso unaongezeka. Kati ya hayo mawili mimi huchagua mguu wangu na kugeuza kwa uangalifu.

Kubadili kwenda gurudumu dogo zaidi, la rimu ya milimita 584, kunawezekana kwa baiskeli ya breki za diski. Kwa breki za kubana rimu, pedi zitakuwa milimita 19 juu ya rimu mpya na hazitashika kitu. Fundi akikuambia atapinda foku kidogo mbele ili mguu upite, mshukuru na uondoke na baiskeli yako. Foku iliyopindwa hukatika bila kutoa taarifa.